Kitabu cha Anwani na Kazi za Mwambao: Kutoka Usumbura hadi Rumonge

Kurasa hizi zimezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Safari hii twaomba ruhusa ya wasomaji tuhakiki kitabu cha namna nyingine, ambacho hakuna aliyekitunga kwa kutaka sifa ya uandishi, nacho ni kitabu cha anwani za biashara. Makusudio yetu ni vile vitabu vinene vilivyotolewa mwaka hadi mwaka wakati wa ukoloni na baada yake, ambavyo ndani yake yamepangwa majina ya wafanyabiashara, kazi zao na masanduku yao ya posta, mji baada ya mji. Mwalimu anayetaka kufundisha historia ya mahali, au msamiati wa kazi na ufundi, huvutwa sana na vitabu hivi. Vina orodha tayari, vina miaka, vina majina. Hatari yake ni kwamba orodha husomwa kana kwamba ni sensa, na mwanafunzi huondoka darasani akiamini kuwa kisichokuwamo kitabuni hakikuwako mjini. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Bujumbura kupita Kabezi hadi Rumonge na Nyanza-Lac, kosa hilo lina uzito wa pekee, kama tutakavyoonyesha.

Tuanze kwa kuvitendea haki vitabu vyenyewe. Asili yake ni miji ya biashara ya Ulaya. Mwaka 1677 ilichapishwa London orodha ya wafanyabiashara wa mji ule, iliyotolewa na Samuel Lee, na katika karne ya 19 vitabu vya Kelly huko Uingereza na vya Bottin huko Ufaransa vilikuwa vimekwisha kuwa vyombo vya kila ofisi. Kitabu cha Kelly cha London kiliwapanga watu wake kwa njia zaidi ya moja: kwa majina, kwa kazi, na kwa mitaa, nyumba baada ya nyumba. Kwa ajili hiyo mtafiti akichukua matoleo ya miaka thelathini ya mtaa mmoja aweza kuona duka la mshona viatu likigeuka la muuza baiskeli, kisha la muuza redio, bila ya kutoka kitini. Aweza kuhesabu waokaji mikate, kuona wahunzi wakipungua na mafundi wa magari wakiongezeka. Hiyo ni elimu ya kweli, wala hatuna sababu ya kuidharau. Ila ikumbukwe kwamba elimu hiyo yatokana na mpango wa mitaa na namba za nyumba. Ondoa namba na mitaa, na sehemu kubwa ya manufaa imekwisha kwenda.

Hapa kwetu vitabu hivyo vilikuja pamoja na serikali za kikoloni, na kila serikali ilikuja na namna yake. Huko Nairobi gazeti la East African Standard lilitoa kitabu kilichojulikana kwa jina la Red Book, na kabla yake Somerset Playne alikuwa ametayarisha kitabu kikubwa juu ya Afrika ya Mashariki ya Kiingereza, kilichojaa picha za maduka na mashamba ya walowezi. Upande wa Wajerumani, ambao Urundi ilikuwa sehemu ya koloni lao, Rudolf Fitzner alitoa kitabu chake cha makoloni mwaka 1896, na tangu 1907 kikawa kikitoka Berlin kile cha von der Heydt, ambacho kwa hakika ni kitabu cha mwaka cha makampuni. Walipokuja Wabelgiji, na sheria ya mwaka 1925 ilipoiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo katika utawala, habari za biashara za Usumbura zikawa kipande kidogo mkiani mwa kitabu cha mwaka cha Kongo.

Suali la kwanza la mhakiki ni lile lile tuulizalo mbele ya riwaya: mwandishi anasema na nani? Kitabu cha von der Heydt kinasema na mtu wa Berlin mwenye fedha, anayetaka kujua kampuni gani ina mtaji gani na wakurugenzi wake ni akina nani. Mtu huyo hana haja na seremala wa Rumonge. Red Book linasema na mlowezi na mfanyabiashara anayetaka kuandikiana barua na mwenziwe. Kitabu cha Wabelgiji kinasema na mwagizaji wa bidhaa wa Brussels au Antwerp. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotungwa ili mkazi wa mwambao ajisome mwenyewe, na kilichoachwa nje hakikuachwa kwa usahaulifu. Mvuvi hakuagiza bidhaa kutoka Antwerp, basi kwa macho ya kitabu hakuwa na kazi.

Suali la pili ni la mahali, na hapa twaona kasoro ambayo walimu wengi hupita juu yake. Anwani katika vitabu vya nchi zetu ni sanduku la posta. Sanduku la posta halisemi mtu anafanyia kazi wapi. Linasema anachukulia wapi barua zake. Mwenye duka aliyekuwa na biashara Rumonge lakini akipokea barua Usumbura ataandikwa kuwa mtu wa Usumbura, na mwanafunzi anayehesabu maduka atauneemesha mji mkuu na kuufukarisha mwambao. Wala hakuna njia ya kuutoa mtaa kutokana na namba ya sanduku. Kwa hiyo ile kazi nzuri tuliyoisifu, ya kufuata duka moja mtaani kwa miaka thelathini, haiwezekani kwa kitabu peke yake. Huhitaji mzee aliyekuwako, au picha, au hati ya kiwanja. Tumewahi kusikia ikisemwa kwamba namba ya sanduku ni sawa na namba ya nyumba. Si sawa hata kidogo, na ramani inayochorwa kwa msingi huo ni ramani ya posta.

Tukija sasa kwenye mwambao wenyewe, kitu cha kwanza kukumbuka ni kwamba biashara yake ni ya zamani kuliko kitabu chochote cha anwani. Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipita kwa mtumbwi hadi kichwa cha ziwa, na jiwe la Mugere, kwenye njia ya kusini itokayo Bujumbura kuelekea Kabezi, limebaki kuwa kumbukumbu ya safari hiyo. Mwaka 1879 mapadri wa Shirika la Mapadri Weupe walitua Rumonge, na mwaka 1881 watatu kati ya kundi lao wakauawa huko. Wakati huo Ujiji ulikuwa soko linalojulikana, lenye fedha yake ya shanga zilizoitwa sofi, na chumvi ya Uvinza, mafuta ya mawese, samaki wakavu, nguo, pembe, na, kwa masikitiko, watu pia, vilikuwa vikivuka na kuambaa ziwa lile. Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alikuwa na makao Ujiji na mkono wake ulifika mwambao wa Urundi. Palikuwa na wapiga makasia, wachonga mitumbwi, wakalimani, madalali, wapagazi, wakamua mawese. Kazi hizo zote zilikuwa na majina katika Kiswahili na Kirundi kabla ya mchapaji wa Brussels kuinoa kalamu yake.

Kisha palitokea mapigo ambayo kitabu cha anwani hakiwezi kuyaeleza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliupiga vibaya ufuo wa ziwa, na serikali ikawahamisha watu kutoka sehemu za ufuoni. Mtu asiyejua habari hiyo, akiukuta ufuo mtupu katika maandishi ya miaka ile, atadhani hapakuwa na kazi wala wenyeji. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, na Wabelgiji walipopewa mwaka 1921 nafasi zao za bandari Kigoma na Dar es Salaam, mizigo ya Urundi ikaelekea huko kwa meli, na Usumbura ukakua. Ndipo Wagiriki, Wahindi na Waarabu wenye maduka wanapoonekana kwenye orodha. Kitabu chaonyesha mji unaozaliwa pale ambapo kwa kweli ni njia ya biashara iliyohama.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni uvuvi, na hapo tunataka kukaa kidogo.

Uvuvi wa asili wa mwambao ulikuwa wa mtumbwi na wavu wa kuchotea uitwao lusenga, kwa mwanga wa moto usiku. Baadaye moto ukaachia nafasi karabai, na mitumbwi ikaunganishwa kwa miti, miwili miwili au mitatu mitatu, ili kushusha na kuinua wavu mpana kati yake. Katika miaka ya 1950 wavuvi wa Kigiriki walianzisha upande wa Burundi uvuvi wa meli za chuma na nyavu za kuzungushia. Hao walikuwa na kampuni, na kampuni ina sanduku la posta. Kwa hiyo katika kitabu cha anwani uvuvi wa Tanganyika unaanza na Wagiriki. Ilipofika miaka ya 1990 meli zile zilikuwa karibu kutoweka ziwani, na mitumbwi iliyounganishwa ndiyo iliyobaki ikileta sehemu kubwa ya samaki. Basi msomaji wa vitabu peke yake ataandika kwamba uvuvi ulizaliwa miaka ya 1950 na ukafa baada ya miaka arobaini hivi, ilhali sokoni ndagala hawakukosekana wala kabla wala baada. Hatujui mfano mwingine ambao kitabu na soko vinapingana kwa uwazi kiasi hiki.

Na si hilo tu. Uvuvi wa taa hutegemea giza. Mwezi unapokuwa mpevu taa haiwavuti samaki vizuri, na mitumbwi hupumzika. Katika siku hizo mvuvi hushona nyavu, hulima, huenda kwenye michikichi, au huwa kibarua wa mwingine. Kitabu cha anwani kimejengwa juu ya dhana kwamba mtu mmoja ana kazi moja mwaka mzima, tena mahali pamoja. Dhana hiyo ni ya mji wa Ulaya. Mtu wa Kabezi au Magara ambaye ni mvuvi kwa wiki tatu na mkulima kwa wiki moja hana safu ya kuandikwa. Na mkewe, ambaye ananunua ndagala alfajiri, anawaanika mchangani, anawageuza jua linapopanda, kisha anawapeleka mjini, huyo hana hata nusu ya safu, ingawa bila ya yeye samaki wote wale wangeoza ufuoni. Kama kitabu kingekuwa na haki angeitwa mfanyabiashara, kwa kuwa ndiye mwenye mtaji.

Hapa Kiswahili chenyewe ni shahidi bora kuliko orodha. Samaki mmoja yule yule ambaye Kigoma humwita mgebuka, Bujumbura na Rumonge humwita mukeke. Na dagaa wa Kigoma ndio ndagala wa Burundi. Majina mawili kwa samaki mmoja ni ushahidi wa masoko mawili, na mtu anayetumia yote mawili kwa ufasaha aghalabu ni mtu aliyefanya biashara pande zote mbili. Tungependa kuona mwanafunzi mmoja akikusanya majina hayo kijiji kwa kijiji, kutoka Kabezi hadi Nyanza-Lac na kuvuka mpaka. Atapata historia ya biashara ambayo hakuna mchapaji aliyeiweka.

Tunakuja kwenye lugha ya orodha zenyewe. Vitabu vya Wabelgiji viliandikwa Kifaransa, na neno commerçant humo limebeba mzigo usiolingana na nguvu zake. Chini ya neno hilo hujumuishwa tajiri mwenye ghala, mwenye duka la rejareja, na mtu aliyekwisha kufilisika lakini jina lake halijafutwa. Kiswahili kingewatenganisha: tajiri, mwenye duka, mchuuzi, dalali, mlanguzi. Kila neno hapo lina hukumu ndani yake. Kumwita mtu mlanguzi si sawa na kumwita mchuuzi. Mwalimu anayefasiri orodha kwa kuandika "mfanyabiashara" kila mahali hajafasiri kitu. Amelihamisha pengo kutoka lugha moja hadi nyingine. Kinyume chake ni neno letu fundi, ambalo ni pana mno kwa mtunga orodha. Mtunga orodha ataka kujua kama ni seremala, mwashi, mshona nguo au mtengeneza magari. Sisi husema fundi, kisha tukataja kitu anachokitengeneza, na mtu aliyejifunza kwa macho kazi mbili tatu anabaki fundi tu, bila ya kulazimika kuchagua.

Nendeni Buyenzi mwone. Mtaa huo wa Bujumbura, ambao pamoja na Bwiza ulikuwa makao ya Waafrika wa mjini wakati wa Wabelgiji, umejulikana kwa muda mrefu kama mtaa wa Waswahili, na kama mtaa wa mafundi. Magari yaliyokufa kwingine hufufuliwa huko. Lakini kwa kadiri orodha za kikoloni zilivyotungwa, Buyenzi ni mahali ambapo wafanyakazi hulala. Ni vigumu kufikiri hukumu iliyo mbali zaidi na ukweli. Baadhi ya wenzetu hujibu kwamba orodha ziliwaacha Waafrika kwa sababu biashara zao zilikuwa ndogo. Jibu hilo halitoshi. Udogo haukuwa sababu ya kumwacha Mgiriki mwenye duka la chumba kimoja. Aliandikwa kwa sababu aliishi upande wa mji uliokuwa ukihesabiwa.

Tulisema mwanzoni kwamba jambo hili lina uzito katika mwambao. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalianza Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, yakaua watu wengi, na baada yake serikali ya wakati ule ikaua kwa wingi usio na kifani katika nchi nzima. Makadirio ya waliokufa huanzia laki moja na kupita laki mbili. Watu wa mwambao walikimbilia Tanzania, na wengi wao wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa zaidi ya miaka thelathini. Mashamba yao, na hasa michikichi ya Rumonge, yalichukuliwa na watu wengine, au yakagawiwa, au yakatiwa katika miradi ya serikali. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulitaja haki ya wakimbizi kurudishiwa mali, tume ya ardhi ikaundwa mwaka 2006, na waliporudi, hasa kuanzia 2008, mzozo ukawa huu: nani alikuwa hapa, akifanya nini, tangu lini?

Katika mzozo wa namna hiyo kila karatasi ya zamani hugeuka kuwa silaha. Karatasi iliyochapishwa, yenye mwaka na jina la mji, hutisha zaidi kuliko neno la mzee. Sisi twasema wazi kwamba ukimya wa kitabu cha anwani si ushahidi wa kutokuwako. Mwenye michikichi ishirini aliyekamua mawese kwa mikono na kuyauza kwa debe hakuwahi kuandikwa hata siku moja, kabla ya 1972 wala baada yake. Aliyeandikwa ni mnunuzi wa mafuta aliyekuwa na ofisi. Kulitumia jina la mnunuzi kuwa dalili ya umilikaji, na kulikosa jina la mkulima kuwa dalili ya ugeni, ni kukisomesha kitabu jambo ambalo hakikusomea. Hali kadhalika neno Mswahili. Katika mwambao huu limewahi kutumiwa kumaanisha mtu wa kuja, asiye na ardhi. Kama mwanafunzi atakuta orodhani majina ya Kiislamu chini ya kichwa cha maduka na asiyakute chini ya kichwa cha mashamba, atathibitishiwa chuki aliyoisikia nyumbani, ilhali orodha haikuulizwa habari za mashamba ya Waafrika, wawe Waislamu au Wakristo.

Je, tuviweke kando? La. Tuvisome kama tusomavyo riwaya ya msimuliaji asiyeaminika. Matangazo yaliyomo kurasa za mwanzo na za mwisho mara nyingi yana habari nyingi kuliko orodha: aina ya nguo, taa, baiskeli na vipuri vilivyotarajiwa kununuliwa. Tangazo la taa za mafuta ni habari ya uvuvi hata kama mwenye tangazo hakulifikiria ziwa. Tena tufananishe matoleo mawili matatu, kwa maana toleo moja halisemi nani ameondoka. Na jina linaporudi bila ya mabadiliko kwa miaka mingi tushuku uvivu wa mchapaji kabla ya kusifu uthabiti wa biashara. Mabadiliko ya majina ya mahali nayo yatunzwe: Usumbura ukawa Bujumbura mwaka 1962, Rumonge ukafanywa mkoa mwaka 2015, na mwaka 2025 mikoa ya Burundi ikapunguzwa ikawa mitano tu. Mwanafunzi anayetafuta "Rumonge" kwenye faharasa moja baada ya nyingine atahitaji kujua aangalie chini ya nini.

Kuhusu Kabezi, tusijidanganye kwamba kuna ukurasa wake mahali fulani unaongoja kuvumbuliwa. Vitabu hivi ni vya miji, na Kabezi ilikuwa njia. Lakini tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2007 Kiswahili kimezidi kupata nafasi katika shule zake, na zoezi moja laweza kufanywa na darasa lolote lililo kando ya barabara ya kusini. Wanafunzi watembee kutoka barabarani hadi ufuoni na kuandika kila kazi wanayoiona, kwa jina alitumialo mwenye kazi mwenyewe, liwe la Kiswahili au la Kirundi, pamoja na saa waliyoiona. Saa ni muhimu: ufuo wa alfajiri na ufuo wa adhuhuri ni masoko mawili. Warudie zoezi wakati wa mwezi mpevu. Majina ya watu yasiandikwe. Katika mahali ambapo ardhi ingali inagombewa, orodha ya majina iliyofanywa na watoto wa shule yaweza kuangukia mikono isiyostahili, na mwalimu ndiye atakayeulizwa. Kazi ziandikwe, na zana, na bei kama zitatajwa kwa hiari. Darasa likiisha kukusanya hayo, ndipo kifunguliwe kitabu cha zamani, kiwekwe kando ya daftari la wanafunzi, na waulizwe ni mstari upi kati ya yao ungeweza kuingia humo.